Kalamu ya Katibu ni Amana

Ndugu msomaji, leo napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kuandika muhtasari wa kikao kazini. Najua utasema: Sheikh huyu amekosa la kuzungumza? Zimekwisha habari za sala na saumu, za wazazi na majirani, hata aje kutufundisha kazi ya makarani? Nakuomba usubiri. Mimi ni mtu wa miaka 60 na ushei. Nimesomesha watoto chuoni hapa Njombe kwa miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa mfanyakazi Makambako. Makosa niliyoyatenda ni mengi, Mwenyezi Mungu anisamehe, lakini liko moja ambalo hunijia usiku na kuniondolea usingizi. Sikulitenda kwa ulimi, wala sikumpiga mtu. Nililitenda kwa kalamu, tena kwa hati nzuri.

Mimi asili yangu ni Songea. Shule ya serikali sikusoma sana. Elimu yangu niliipata chuoni, juu ya mkeka, kwa ubao na kalamu ya mti. Mwalimu wetu alikuwa mkali katika jambo la hati. Herufi ikipinda, wewe nawe utapinda. Basi nilipofika Makambako kijana wa miaka 20 na kidogo, mali yangu ilikuwa ni hati hiyo. Makambako wakati ule ilikuwa inakua kwa haraka. Reli ya TAZARA ilikuwa imekwisha kukabidhiwa tangu mwaka 1976, barabara kuu ya kwenda Zambia inapita papo hapo, na barabara ya kushuka Njombe mpaka Songea ilikuwa ikitengenezwa kwa lami. Kazi zilipatikana. Nami nikapata ukarani katika mahali pamoja pa mali ya umma palipokuwa pakipasuliwa mbao na kuhifadhiwa mizigo. Jina la mahali hapo silitaji, kwani kosa ninalolisimulia ni langu.

Vijana wa leo huenda hawajui kwamba mwaka 1970 ulitoka Waraka wa Rais Na. 1, ulioagiza mashirika ya umma yaunde Mabaraza ya Wafanyakazi. Humo meneja na wakuu wa idara walikaa meza moja na mwenyekiti wa tawi la chama pamoja na wajumbe waliochaguliwa na wafanyakazi, wakazungumza mambo ya kazi. Lilikuwa jambo kubwa. Mchukuzi wa mbao aliweza kusimama akamwambia meneja la moyoni mwake. Na kila baraza lilihitaji mtu wa kuandika. Wakatazama huku na huku, wakaiona hati yangu, wakasema: Huyu.

Ilikuwa mwezi wa Juni, mwaka 1983. Anayeijua Makambako anajua upepo wake mwezi huo. Hupenya blanketi na kukaa mifupani. Katika kikao cha baraza mwezi ule aliitwa mzee mmoja, mlinzi wetu wa usiku, Mbena, aje aeleze shida yake. Alisimama karibu na mlango, kofia yake mkononi. Akasema kwamba mwenzake wa zamu aliacha kazi, na tangu siku hiyo zamu za mwenzake zimekuwa zake pia, wala hajalipwa. Meneja akamwita karani wa mahudhurio aje na daftari. Wakahesabu mbele yetu sote. Zikaonekana ni usiku 74 zaidi ya zamu zake. Meneja, aliyekuwa mtu mwungwana, akasema: Mzee, haki yako ni haki yako. Karani wa mahudhurio atatengeneza hesabu kabla ya tarehe 15 Julai, mhasibu atakulipa pamoja na mshahara wa Agosti, na koti utapewa stoo wiki hii. Wajumbe wakapiga makofi. Mzee akashukuru, akatoka.

Na mimi niliandika nini? Ndugu msomaji, maneno yale nayajua kwa moyo, na laiti ningeweza kuyasahau. Niliandika kwamba suala la mlinzi lilijadiliwa kwa kina na katika hali ya maelewano, na baada ya michango ya wajumbe ilionekana ipo haja ya kulishughulikia. Basi. Usiku 74 sikuuandika. Tarehe 15 Julai sikuiandika. Karani wa mahudhurio, mhasibu, stoo, koti, hakuna hata kimoja. Lakini hotuba ya mwenyekiti ya kufungua kikao niliijazia ukurasa mzima, kwa mistari iliyonyooka, na kichwa cha habari nikakipigia mstari kwa rula. Waliousoma waliusifu, nami nikafurahi kwa sifa zao.

Mwezi wa Julai haujafika katikati, meneja yule akahamishwa. Koti halikutoka. Agosti ikaja, mzee akapanga foleni dirishani, akapewa mshahara wake wa kawaida. Akaenda kwa meneja mpya. Huyu naye hakuwa mtu mbaya, nataka mlijue hilo. Alimwambia: Mzee, fedha ninazolipa ni za umma. Mimi sikuwepo. Nionyeshe palipoandikwa, nami nitalipa leo hii. Nikaitwa kutoka masjala nije na jalada. Nikalifungua, nikasoma kwa sauti yale niliyoyaandika. Meneja akauliza: Kulishughulikia vipi? Kiasi gani? Nani aliagizwa? Nikasema nakumbuka kila kitu, nikamtajia usiku 74 na tarehe zote. Akanitazama akasema: Karani, kama ulikuwa unakumbuka, kwa nini hukuandika? Na kama hukuandika, nami nikilipa, mkaguzi akija nitamwonyesha kumbukumbu ya kichwani mwako? Sikuwa na jibu.

Tulipotoka nje yule mzee hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema kwa upole: Mwanangu, mimi sijui kusoma. Siku ile nilikuona unaandika, nikatulia.

Niliandika barua kwa meneja wa zamani huko alikohamishiwa, jibu halikuja. Nikataka kumlipa mzee kidogo kidogo katika mshahara wangu; akakataa, akasema deni si langu. Koti langu alilikubali, baada ya kumsihi sana. Alistaafu, akarudi kijijini kwao upande wa Njombe, na mwaka 1987 akafariki, haki yake hakuipata. Hakuwa wa dini yetu, lakini nilikwenda mazishini, kwani haki ya mtu haiulizi dini yake.

Ndugu zangu, baada ya mambo hayo ndipo nilipoirudia aya niliyokuwa nimeihifadhi tangu utotoni bila ya kuifikiri: aya ya 282 ya Suratil Baqara. Ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Kurani nzima. Sikio langu lilikuwa limezoea kuisikia kama sheria ya wakopeshaji tu. Lakini hebu tazama yaliyomo. Deni la muda liandikwe. Mwandishi aandike kwa uadilifu baina ya pande mbili, wala asikatae kuandika kama alivyofunzwa. Mwenye kudaiwa ndiye atamke, ili maneno yawe yake. Na asiyeweza kutamka, msimamizi wake amtamkie. Wawepo mashahidi. Tena watu wasichoke kuandika, liwe dogo au kubwa, pamoja na muda wake. Na mwandishi wala shahidi asidhuriwe. Sasa niambie, koti la mlinzi ni dogo? Ni dogo kwa mwenye koti. Na muda wake, yaani ile tarehe, umetajwa wazi. Mimi niliyekuwa hafidhi wa aya hiyo niliacha dogo, nikaacha na muda.

Nikajiuliza pia, kosa lile niliingia kwa mlango gani? Nikaona limeingia kwa mlango wa lugha. Kiswahili chetu ni tajiri, Alhamdulillahi, na katika utajiri wake yapo maneno ya kumficha mtenda. Twasema: suala limepokelewa, linafanyiwa kazi, litashughulikiwa. Limepokelewa na nani? Linafanyiwa kazi na yupi, na itakwisha lini? Neno lishughulikiwe limelala katika majalada ya ofisi zetu kama nzige waliokufa. Halina mwenyewe. Likikosa kutendeka, hakuna wa kuulizwa, maana hakuna aliyetajwa. Anayepita Makambako leo huiona mizani ya kupimia magari makubwa. Je, mpimaji akiandika kwamba gari hili lina mzigo mzito kiasi, utamkubalia? Utasema: Bwana wee, taja tani. Basi na katibu naye ni mpimaji. Maneno hupita mbele yake kama malori, naye yampasa ataje uzito.

Hilo ni kosa la kupunguza. Liko na kosa la kuzidisha, nalo ni kubwa zaidi. Miaka ya baadaye nilihamia Njombe, nikawa mwandishi wa vikao katika shule moja nilikokuwa nikifundisha kipindi cha dini. Siku moja walimu walikaa, mkuu akapendekeza kila mwalimu akatwe fedha katika mshahara kwa ajili ya jengo. Wengine walikubali, wengine walikataa, muda ukaisha, kikao kikafungwa bila ya uamuzi. Kesho yake mkuu akaniita ofisini, akanikaribisha chai, akasema: Sheikh, andika tu kwamba walimu wote waliafiki, ni jambo la kheri, jengo ni la watoto. Nikakumbuka koti la mzee. Nikamjibu: Mkuu wangu, kwa heshima yote, jengo ni la kheri, lakini hawakuafiki. Nitaandika kwamba ulipendekeza, na kikao hakikuamua. Ukipenda, uitishe kikao kingine, nami siku hiyo nitaandika watakavyoamua. Alikasirika kwa siku chache. Kisha akaitisha kikao, wakakubaliana kiasi kidogo kuliko kile cha kwanza, nao wakalipa kwa moyo mkunjufu.

Katika jambo hili tunacho kigezo. Mwaka wa 6 wa Hijra, sawa na mwaka 628, Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alifanya mapatano na Makureshi pale Hudaybiya. Mwandishi alikuwa Sayyidna Ali. Alipoandika kwamba haya ndiyo aliyopatana Muhammad Mtume wa Mwenyezi Mungu, Suhayl bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akapinga. Hoja yake ilikuwa kwamba lau wangeukubali utume wake wasingempiga vita. Basi liandikwe jina lake na la baba yake. Sayyidna Ali hakuweza kulifuta neno lile kwa mkono wake, na Mtume mwenyewe akalifuta, likaandikwa Muhammad bin Abdillahi. Tazama jambo hili vizuri. Utume wake ulikuwa haki isiyo na shaka. Lakini karatasi ile ilikuwa ya mapatano ya pande mbili, na upande wa pili hawakulikubali neno hilo. Basi halikubaki. Ikiwa haki kubwa namna ile haikuingizwa katika maandishi bila ya kuafikiwa na wote wawili, wewe na mimi ni nani hata tuingize ya mwenyekiti wetu?

Sasa nikueleze ninavyofanya, kwani nasaha bila ya njia ni kumwonyesha mtu mto bila ya daraja. Kwanza, kabla ya kikao nasoma muhtasari uliopita, natoa yote yaliyoahidiwa, nayaweka katika yatokanayo. Yatokanayo ndiyo roho ya muhtasari. Ndipo ahadi ya jana inapoulizwa leo. Pili, naandika tarehe, mahali, saa ya kuanza, majina ya waliohudhuria, waliotoa udhuru na waliokosa bila ya udhuru, ili ijulikane kama akidi ilitimia.

Tatu, siandiki kila neno. Kikao si hotuba ya Ijumaa, na mtu akiropoka kwa hasira si wajibu wangu kuihifadhi aibu yake. Naandika hoja, na sababu yake kwa ufupi. Lakini ukifika uamuzi, kalamu yangu husimama mpaka nipate mambo matatu: limeamuliwa nini, atalitenda nani, na mwisho lini. Kimoja kikikosekana nainua mkono: Samahani, Mwenyekiti, niandike nani? Wapo wanaokereka. Siku moja mjumbe alininong'oneza kwamba namchosha. Nikamjibu kwamba nachoka leo ili asichoke mwingine kesho. Na ikiwa kiko kiasi, naandika kiasi hicho. Na mjumbe akipinga, akataka upinzani wake uandikwe, nauandika kwa jina lake, hata kama mimi sikubaliani naye.

Nne, kabla ya kikao kufungwa nasoma maazimio kwa sauti. Imepokewa kutoka kwa Zayd bin Thabit, mwandishi wa wahyi, kwamba alipomaliza kuandika Mtume (S.A.W.) humwambia asome, na likiwapo lililopungua hulisahihisha. Basi ikiwa Zayd alisomewa na kusahihishwa, mimi ni nani nisisahihishwe? Tena katika kusoma kuna faida nyingine: asiyejua kusoma husikia kilichoandikwa juu yake. Lau mwaka ule ningesoma kwa sauti mbele ya mzee wetu, angeuliza: Mwanangu, na zile siku zangu 74 ziko wapi?

Tano, nausambaza siku chache baadaye, watu wangali wanakumbuka. Kosa likionekana, halifutwi kwa siri. Hurekebishwa katika kikao kinachofuata, mbele ya wote, kwa mstari mmoja juu ya neno la zamani ili lisomeke, na saini pembeni. Kisha mwenyekiti na katibu husaini, na jalada huwekwa mahali panapojulikana.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi kikao hunaswa chote katika simu, hapana haja ya kuandika. Sikatai, simu ni shahidi. Lakini sauti ya saa tatu nani atakaa kuisikiliza? Shahidi anayejua yote na hasemi lililo la maana ni sawa na mimi wa mwaka 1983.

Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya zamani tu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi. Shauri likifika mbele ya sheria na mwajiri asiweze kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa huwa juu yake yeye. Na kwa kanuni za mwaka 2007, anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo haki ana siku 30 za kulifikisha lalamiko lake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na mwenye mgogoro mwingine ana siku 60. Sasa siku hizo zikihesabiwa, ni nani atakayejua zilianza lini, ikiwa katibu ameandika tu kwamba suala litashughulikiwa? Tarehe moja iliyoandikwa vizuri yaweza kumwokoa mfanyakazi, na yaweza kumwokoa mwajiri pia asidaiwe lisilo haki.

Ndugu msomaji, ndiyo maana nimeacha leo mazungumzo yangu ya kawaida. Sisi twajua kwamba kila mmoja wetu ana waandishi wawili wasioacha dogo wala kubwa, na kwamba siku moja kitabu kitafunguliwa. Mimi naogopa nitakapoulizwa juu ya ukurasa mmoja wa daftari la Makambako. Basi wewe uliyepewa kalamu katika kikao, iwe ni cha kiwanda, cha shule, cha chama cha ushirika au cha msikiti, usiione kazi hiyo kuwa ni ya kumpa kijana asiye na la kusema. Pembeni, karibu na mlango, huenda amesimama mtu aliyeshika kofia yake mkononi, asiyejua kusoma. Anakutazama unaandika, naye ametulia.

Wabillahi tawfiq.